Mguu Uliotangulia

Kumpima mtu mguu ambao hana si kazi ngumu kama mnavyodhani. Unapima ule uliobaki, unaandika, halafu unamuuliza swali ambalo halimo katika vitabu vyenu: "Choo chako kiko upande gani wa nyumba, wa juu au wa chini?" Ukishajua hilo, umejua nusu ya mguu. Nusu ya pili utaijua ukimuuliza shamba lake liko wapi, na kama akiota moto jikoni anachuchumaa au anakalia kigoda.

Nawaandikia ninyi vijana wa karakana, mnaoyeyusha plastiki kwenye tanuri kama waokaji wa mikate. Mlinialika mwezi uliopita, mkanipa soda, mkanishikisha mguu mwepesi kama birika tupu. Niliufurahia sana. Mmoja wenu akaniuliza, "Babu, ninyi zamani mlikuwa mnachonga tu?" Nikamjibu ndiyo, tulikuwa tunachonga tu. Nilipofika nyumbani Irente, nikamweleza mke wangu, akasema, "Umewaambia hivyo tu? Hata habari za Mzee Athumani hukuwapa?" Basi naona nisipoandika sitakula kwa amani humu ndani.

Mimi niliingia kazini mwaka ule ule tuliopata Uhuru, nikiwa seremala wa viti na milango. Hospitali ile ya misheni ilikuwa na kibanda nyuma ya jiko, na ndani yake alikaa Fundi Samweli, mzee mfupi mwenye penseli sikioni, ambaye mmisionari mmoja alikuwa amemfundisha kuchonga miguu. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza majeneza. Alisema kazi hizo mbili zina tofauti moja tu: mteja wa jeneza harudi kulalamika.

Mguu wangu wa kwanza niliuchonga kwa mvule. Nilitaka mzee ajue kwamba mimi mbao nazifahamu. Nikaupiga msasa siku mbili, nikaupaka vanishi, ukang'aa kama kiti cha hakimu. Mwenye kuuvaa alikuwa dereva wa trekta kutoka mashamba ya mkonge ya huko chini tambarare. Akafunga mikanda, akasimama vizuri, akatabasamu, akapiga hatua. Yeye akaenda, mguu ukabaki. Tulimdaka mimi na nesi. Fundi Samweli akaokota mguu ule, akaupandisha na kuushusha mkononi kama anayepima kabichi sokoni, akaniambia, "Zakayo, mtu alikuja kuomba mguu, wewe umempa kisiki." Tangu siku hiyo nikawa mtu wa podo, mbao nyepesi, isiyogombana na patasi.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu nililifanya nikiwa nimeshajiona fundi. Mama mmoja wa hapa Irente, mchukuzi wa mboga, nilimtengenezea mguu mzuri, akautembelea karakanani kwenye saruji huku na huku kama bibi harusi. Tulipiga makofi. Akaondoka nao. Kesho yake wakamrudisha ana mchubuko usoni na majani ya maharage kichwani, kwa maana alipofika kwenye mteremko wa kwao, wayo ule niliouchonga kwa ajili ya sakafu ulimsukuma mbele mpaka shambani kwa jirani. Fundi Samweli hakunigombeza. Alisema tu, "Ulimpima sakafuni. Yeye haishi sakafuni." Tukatengeneza jukwaa la mbao lililoinama, mita tatu, tukalifunika udongo, na tangu hapo hakuna mtu aliyetoka kwetu bila kuupanda na kuushuka mlima ule wa bandia. Nasikia mmeutupa. Utengenezeni mwingine.

Sasa nije kwa Mzee Athumani.

Zamani zile kazi ya fundi wa miguu ilianza kabla daktari hajashika kisu. Mgonjwa akikataa kukatwa, daktari alinituma wodini na mguu wa mfano kwapani, nimwonyeshe kwamba maisha yapo. Nilikuwa hodari wa hilo. Niliugonga mguu ule kwa vidole ulie ko ko ko, nikamwambia mtu kwamba huu haupati funza wala baridi, na ukichoka nao unauegemeza ukutani. Wengi walicheka, na aliyecheka alikuwa ameshakubali nusu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Mzee Athumani alikuwa mkulima wa kabichi na viazi kutoka upande wa Lukozi, Mwislamu, mtu wa makamo anayeelekea uzeeni, mfupi, mwenye ndevu chache zilizopangwa vizuri. Siku ya zamu ya shamba la kijiji, jembe la mwenzake lilimpata kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Akaweka majani, akafunga kitambaa, akaendelea kulima. Alipoletwa kwetu, mguu ulikuwa mweusi mpaka karibu na katikati ya muundi, na harufu yake ilikupokea mlangoni. Daktari wetu, kijana mpole, alimwambia wazi: ukatwe chini ya goti ndani ya siku tatu, la sivyo sumu itapanda juu naye atakufa.

Mzee akasema hapana.

Kesho yake nikaingia na mguu wangu kwapani. Mkewe, Mama Hadija, alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye rovu kubwa shingoni kama walivyokuwa wengi huku milimani kabla ya chumvi ya madini kuenea, na hakulifunika.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Mzee Athumani alijibu. Alikuwa na homa, lakini adabu ilikuwa timamu. "Hicho ndicho mnachotaka kunipa?"

"Ndicho, mzee. Hebu ushike."

Akaushika. Akaupapasa kisigino, akauchungulia ndani ambamo kigutu huingia. "Kazi nzuri," akasema. "Lakini huu hautafufuka. Nikizikwa na mguu mmoja, siku ya kiama nitasimama vipi mbele ya Mola wangu? Nitaruka ruka kama panzi?"

Hapo, vijana, nikafanya kosa la tatu, ambalo mvule na mteremko havifiki hata miguuni pake. Nikatania. Nikasema, "Kwani huko peponi kuna milima ya kupanda, mzee?"

Alinirudishia mguu wangu taratibu kwa mikono miwili, akageukia ukutani. Mama Hadija akanitazama kwa namna ambayo nilitamani ardhi inimeze.

Katika kitanda cha jirani alilala mwinjilisti mmoja wa Kilutheri, Yonathani, aliyevunjika paja. Mguu wake ulikuwa umetundikwa kwa kamba na mifuko ya mchanga, kwa hiyo hakuwa na pa kwenda, na mwinjilisti asiye na pa kwenda huongea. Akaona nimekwama, akataka kunisaidia.

"Mbuya," akamwita Mzee Athumani, yaani rafiki kwa Kishambaa chetu, "ufufuo usikutie hofu. Hata Bwana Yesu alipofufuka, makovu ya misumari yalikuwepo. Tomaso aliyatia kidole."

Mzee akageuka haraka. "Yalikuwepo?"

"Yalikuwepo kabisa! Mikononi na ubavuni."

"Umesikia, mama Hadija?" Mzee akasema. "Hata kwao wenyewe, kilichotobolewa kinabaki kimetobolewa. Sasa kilichokatwa?"

Mwinjilisti akajaribu kurudi nyuma, akasema kuna mwili wa utukufu, kwamba kinapandwa kimoja na kinaota kingine, kwamba yale makovu yalikuwa ya heshima wala si kilema. Lakini ilikuwa kama kumfukuza kuku aliyekwisha kuingia kwa jirani. Nikatoka wodini na mguu wangu.

Nilimkuta Fundi Samweli ananoa randa. Nikamweleza yote, na lile neno langu la milima pia. Alinoa kwanza, kisha akasema, "Ulikwenda kuuza mguu. Yule hana haja ya mguu, ana jambo. Rudi ukamwombe radhi, halafu unyamaze."

Nikarudi alasiri, mikono mitupu. Nikaomba radhi kwa mzee na kwa mama. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikanyamaza, jambo ambalo mke wangu atawaambia halijatokea mara nyingi. Mzee alikuwa anatetemeka kwa homa. Baada ya kitambo akaanza kusema mwenyewe, akiangalia dari.

Alikuwa na kaka yake, Salimu. Wakati wa vita vya Wajerumani vile vya pili, Salimu alichukuliwa askari, akavuka bahari mpaka Burma. Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake wa kijiji cha pili, na huyo, kwa ujinga au kwa uchovu, alimwambia mama yao ukweli wote: bomu lilimwangukia Salimu, na hapakuokotwa kitu cha kuzika.

"Mama hakulia kwa sababu amekufa," Mzee Athumani akasema. "Watu hufa. Alilia kwa sababu ya vile vipande. Kila siku aliniuliza: Athumani, mwanangu atafufuka vipi? Nani atamkusanya? Mimi nilikuwa kijana, ningejua nini? Alipokuwa anakata roho akanishika mkono, akaniambia, wewe uje kwangu mzima. Nikamwapia. Nikamwambia, mama, nitalala ubavuni kwako nikiwa kamili." Akanigeukia. "Sasa wewe fundi unanipa mti."

Mwinjilisti Yonathani naye kwenye kitanda chake machozi yalimtiririka kuelekea masikioni kwa vile alivyolala chali.

Aliyesimama ni Mama Hadija. Akajifunga kanga yake vizuri. "Nakwenda kumleta Mwalimu Jumaa," akasema.

"Ni mbali," mumewe akasema.

"Ni mbali. Ndiyo maana naondoka sasa."

Mwalimu Jumaa alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani kijijini kwao, rika la Mzee Athumani. Mama Hadija alipata lori la viazi mpaka Lukozi, akapanda kwa miguu, na asubuhi yake saa nne walikuwa mlangoni wote wawili, viatu vimejaa udongo mwekundu. Ilikuwa siku ya tatu. Daktari alikuwa amekwisha kupita mara mbili akitazama saa.

Mwalimu alikuwa mnene kidogo, mwenye kikohozi na bakora. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akasoma dua, akafunua shuka, akautazama mguu, akaufunika. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mbegu:

"Athumani, mimi na wewe tuliingia jando moja. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Ulilia."

"Wewe ndiye uliyelia, Jumaa."

"Haya, tulilia wote. Kile walichokukata siku ile, kiko wapi?"

Wodi nzima ikageuza vichwa. Ilikuwa wodi ya wanaume, vitanda kumi na vinne, na nadhani kila mmoja alikuwa anawaza cha kwake.

"Walikifukia huko huko," Mzee akasema.

"Mahali gani?"

"Nitajuaje? Miaka yote hiyo!"

"Nani anapajua?"

"Hakuna anayepajua."

"Anapajua mmoja," Mwalimu Jumaa akasema, akainua kidole. "Mtume wetu ametufundisha kwamba siku ile tutafufuliwa miguu mitupu, bila nguo, na bila kutahiriwa, kama tulivyotoka matumboni mwa mama zetu. Umenisikia? Bila kutahiriwa. Hata kile, Athumani, utarudishiwa. Sasa Mola anayekumbuka mahali kilipofukiwa kinyama kama ncha ya kidole, atasahau guu zima hili?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Mwinjilisti Yonathani. Alicheka mpaka mifuko yake ya mchanga ikaanza kugongana, nesi akaja mbio kuishika. Halafu vitanda vyote vikacheka, hata wale walioshonwa tumbo na kukatazwa. Mzee Athumani hakucheka. Alikuwa amemshika Mwalimu mkono wa kanzu.

"Na Salimu?"

Kicheko kikakatika.

"Salimu hakupotea," Mwalimu Jumaa akasema. "Sisi ndio hatujui alipo. Mwenye kujua anajua, kipande kwa kipande."

"Mbona mama hukumwambia haya?"

"Siku zile sikuwa mwalimu. Nilikuwa nachunga mbuzi kama wewe."

Mzee akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, na hapakuwa na mtu aliyemwambia anyamaze. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya shuka. "Mguu ukazikwe ubavuni kwa mama," akasema. "Si kutupwa kwenye shimo la hospitali. Hilo mkiniahidi, mwiteni daktari."

Nikaahidi mimi, kabla hata ya kuulizwa.

Alikatwa mchana ule. Msiniulize habari za chumba cha upasuaji, sijawahi kupenda kuingia humo. Nilingoja nje na kipande cha bafta alichonunua Mama Hadija. Mwalimu Jumaa alitufafanulia kwamba mguu hauswaliwi kwa kuwa mwenyewe yu hai, bali unafungwa kwa heshima na kufukiwa. Tukaufunga vizuri. Daktari akaniandikia barua, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiri mbele, akaipiga muhuri wa hospitali. Kesho yake gari la hospitali lilikuwa linapeleka chanjo Lukozi, tukapanda: Mwalimu mbele na dereva, mimi na Mama Hadija nyuma, lile furushi mapajani mwake.

Njiani nikamuuliza kama amechoka, nimshikie. Akasema hapana. Kisha, kwa kuwa barabara ilikuwa ndefu, akaanza kunichekesha. Akasema mumewe hakuwahi kukaa mapajani mwake kwa utulivu kiasi hicho. Nikapata ujasiri nikamuuliza kama yeye, na hilo rovu, huwa hafikirii habari za kufufuka.

"Huwa nafikiri," akasema. "Watu wanasema litaondoka. Mimi sitaki liondoke lote. Watu wote wa dunia watasimama uwanja mmoja, wote wana shingo nzuri, Athumani si atanipita?"

Baada ya Malindi, hiyo ya huku kwetu milimani, tukakuta kizuizi. Mnakumbuka, au hamkumbuki, kwamba siku zile mazao hayakusafiri ovyo. Palikuwa na mti umelazwa barabarani na mgambo kijana, amechomekea shati, ana rungu na uso wa serikali. Akapekua masanduku ya chanjo, hakukuta mahindi. Akamwona Mama Hadija.

"Hilo furushi, mama. Fungua."

"Halifunguliwi."

"Kwa amri ya kijiji, fungua. Ni nyama hiyo? Una kibali cha nyama?"

"Ni mume wangu," Mama Hadija akasema.

Mgambo akaangalia furushi. Akamwangalia mama. Akaangalia furushi tena, urefu wake.

"Mzima?"

"Kipande."

Alirudi nyuma hatua mbili, akavua kofia. Nikashuka na ile barua. Akaisoma akitembeza kidole, midomo ikicheza: mguu mmoja, wa kulia, wa Athumani fulani, uruhusiwe kupita kwenda kuzikwa. Akauliza kama mwenyewe amekufa. Nikasema hajafa, asubuhi tumemwacha anakunywa uji na analalamika hauna sukari. Kijana yule alisimama pale na barua yake, akitafuta katika mafunzo yake yote ni kifungu gani kinahusika. Hakikuwepo. Akaunyanyua mti mwenyewe, na gari lilipopita akapiga saluti. Mwalimu Jumaa akaipokea.

Tulifukia mguu ule ubavuni kwa kaburi la mama mtu, kwenye mteremko unaotazama mashamba ya kabichi. Mimi Mlutheri nilishika jembe, Mwalimu akaelekeza upande. Mama Hadija alisimama mbali kidogo na wanawake wengine, na udongo ulipokwisha kusawazishwa nikamsikia akisema kwa Kishambaa, kama anayempokea mgeni mlangoni, kwamba huyu ametangulia, mwingine anakuja.

Sasa turudi kwenye ufundi, maana nawaona mnapiga miayo. Kigutu cha Mzee Athumani kilipona kwa wiki saba. Tulikifunga bandeji ya kukaza asubuhi na jioni, kwa sababu kigutu kipya kimevimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi, na ukikitengenezea mguu siku hiyo, baada ya miezi mitatu kinacheza ndani kama mchi kwenye kinu. Nikachukua umbo lake kwa plasta. Nikachonga podo. Nilipofika kwenye wayo nikaanza kuchora vidole, maana wagonjwa wetu wengi walivipenda, na mmoja aliwahi kunirudisha nivichonge na kucha. Mzee akanizuia.

"Usichonge vidole. Vidole vyangu viko kwa mama."

Nikauacha laini. Lakini kwingine alikuwa msumbufu. Alitaka rangi ya mguu ifanane na ule mwingine, si ile hudhurungi ya milango. Nikachanganya rangi mara nne, akikaa pembeni na suruali imekunjwa, akisema, "Bado. Hiyo ni ya Mpare." Kisha akaniita pembeni, mkewe asisikie, akaniomba nimwongezee urefu kidogo, vidole viwili tu, kwa kuwa Mama Hadija amemzidi tangu siku ya ndoa.

"Mzee, nikiongeza mguu mmoja utapinda."

"Nitapinda kuelekea kwake," akasema. Hata hivyo nilikataa, na ninyi mkatae.

Mwinjilisti Yonathani alikuwa ameshaanza kutembea kwa magongo, na alikuja karakanani kila siku kubishana naye. Walipendana sana wale wawili. Mzee alimweleza kwamba peponi kila mtu atakuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu na urefu wa dhiraa sitini, kama Adamu. Mwinjilisti akauliza kama nguo zitatosha. Mzee akanigeukia: "Fundi, huko usije na randa yako. Mguu mmoja tu utamaliza msitu wote wa Magamba."

Alipanda na kushuka mlima wetu wa bandia siku tisa. Nilimfundisha ninachowafundisha ninyi: kupanda, tanguliza mguu wa nyama, kushuka, tanguliza wa mti. Jioni vua, tazama ngozi. Wekundu unaoondoka ukimaliza chai si neno. Wekundu unaobaki mpaka usiku ni kidonda cha kesho. Soksi ya sufu ifuliwe kila siku, na ikianikwa isianikwe juu ya moto, itakuwa ngumu kama gome. Siku ya kumi akaenda zake. Kamba ya juu, ile ya kukaza pajani mguu usichomoke, alikuwa akiisahau kila akitaka kushuka, na tabia hiyo haikumtoka hata mwisho.

Aliishi na mguu ule miaka mingi, kwa matengenezo ya mara kwa mara. Nilibadilisha soli ya tairi mara tano, ngozi ya paja mara tatu. Alikuja kila mwaka baada ya mavuno ya viazi, akatuletea debe moja, akakaa kwenye benchi kutoa ushauri kwa wagonjwa wapya waliokuwa wanakataa kisu. Daktari alimtumia kuliko alivyonitumia mimi. Aliwauliza swali lile la jando, wanaume wakacheka, wakakubali. Wanawake aliwaachia Mama Hadija.

Alifariki kwa pumu, kitandani kwake, mwaka ambao Fundi Samweli alikuwa ameshastaafu nami nikawa mkubwa wa karakana. Nilikwenda kuzika. Waoshaji walipouvua ule mguu wa mti wakaniuliza wauweke wapi, nikasema mpeni mama. Akalazwa ubavuni kwa mama yake.

Eda ilipokwisha, Mama Hadija alikuja karakanani. Alikuwa amezeeka lakini urefu wake ulikuwa pale pale. Alibeba kapu kichwani, akalishusha mezani, akafunua kanga. Mguu ulikuwa umepakwa mafuta, mikanda imesuguliwa.

"Kuna mtu wa kimo chake?" akauliza.

Alikuwepo. Kwenye benchi alikaa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Rangwi, Mkatoliki, aliyekatwa mwaka uliotangulia, na alikuwa anasubiri podo ambayo haijafika tangu Pasaka. Mfupi, kigutu chini ya goti, mguu wa kulia. Mnajua kwamba mguu wa mtu mmoja haumkai mwingine hivi hivi, hata kama wana kimo kimoja. Nilitoa ngozi ya ndani, nikatia mpya kwa kipimo chake, nikashona mchana kutwa. Mama Hadija alisubiri. Alisema lori lake ni la jioni.

Mwalimu yule akauvaa. Akapanda mlima wetu wa bandia, akageuka, akaanza kushuka, akasita.

"Kamba ya juu," Mama Hadija akamwambia kutoka kwenye benchi. "Ikaze kwanza. Kila ukitaka kushuka, ikaze kwanza."

Akaikaza, akashuka mpaka chini bila kushika kitu. Uso ulimng'aa. Akaja mbele ya mama, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama. Nimeshukuru sana. Na mwenye mguu huu yuko wapi, nikamshukuru?"

"Marahaba, mwanangu," Mama Hadija akasema, akakunja ile kanga na kuitia kapuni. "Mwenyewe amerudishiwa wake."